Mada tatu ndani ya tangi moja la dizeli

Tarehe 29 Mei 2020, tangi la dizeli lilipasuka kwenye mtambo wa umeme karibu na Norilsk, mji wa migodi ulioko kaskazini ya mbali ya Urusi. Takriban tani 20,000 za mafuta zilimwagika, na sehemu kubwa iliishia katika mto Ambarnaya, maji yakageuka mekundu. Kampuni ya Nornickel, ambayo kampuni yake tanzu ilikuwa ikiuendesha mtambo huo, ilieleza kwamba nguzo za tangi zilititia kwa sababu ardhi iliyoganda chini yake ilikuwa imeyeyuka kutokana na joto lisilo la kawaida. Wakaguzi wa serikali wao wakataja pia kasoro za usanifu, ujenzi na uendeshaji. Februari 2021 mahakama ikaamuru zilipwe fidia za rubli bilioni 146.

Mpe mwanafunzi wa jiografia wa sekondari ya juu habari hiyo, kisha muulize ni ya mada gani. Tabianchi ameisoma kwenye jiografia ya maumbile. Matatizo ya miji yako kwenye sehemu ya makazi na idadi ya watu. Uchimbaji madini uko mbali zaidi, pamoja na kilimo, viwanda na biashara. Tangi la Norilsk linagusa zote tatu, na hapo ndipo mabishano ya walimu na watunga mitaala yalipo: je, mada hizi ziendelee kufundishwa kila moja kwa njia yake, au ziunganishwe na kufundishwa kupitia matukio kama hili?

Wanaotaka zibaki mbalimbali wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Tabianchi haifundishiki kwa haraka. Mwanafunzi anahitaji kuelewa mgandamizo wa hewa, mikondo ya bahari, mwinuko, umbali kutoka baharini, na jinsi vyote hivyo vinavyotoa wastani wa joto na mvua wa miaka mingi. Mwanasayansi Wladimir Köppen alitoa uainishaji wake wa kwanza wa tabianchi mwaka 1884, akaendelea kuurekebisha kwa miongo kadhaa, na bado unafundishwa kwa sababu unamlazimisha msomaji kuangalia namba kabla ya kusema kitu. Anayeruka hatua hiyo hubaki na maneno makubwa tu. Kila mafuriko kwake ni mabadiliko ya tabianchi, kila ukame ni mabadiliko ya tabianchi, na nguzo ikititia ni mabadiliko ya tabianchi vilevile.

Hapo Norilsk inawasaidia sana. Ili kujua kama maelezo ya kampuni yanatosha, lazima ujue nguzo hushikaje katika ardhi iliyoganda. Tabaka la juu la ardhi hiyo huyeyuka kila kiangazi na kuganda tena majira ya baridi. Chini yake ardhi hubaki imeganda mwaka mzima, na ndiyo inayoikamata nguzo. Tabaka linaloyeyuka likizidi kina, mshiko unapungua. Sasa, kinachoongeza kina hicho kinaweza kuwa hewa iliyozidi joto. Kinaweza pia kuwa mabomba ya maji ya moto yanayovuja chini ya mji, au jengo lililojengwa bila nafasi ya kutosha ya hewa baridi kupita chini yake. Matokeo yanafanana, lakini wa kulaumiwa si yule yule. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "kila kitu kinahusiana na kila kitu" hana chombo cha kuyatenganisha hayo, na atampa mwenye kampuni udhuru bila hata kuombwa.

Jakarta inaonyesha jambo hilo hilo kwa upande wa bahari. Ukiuliza kwa nini kaskazini mwa mji ule kunafurika, jibu linalokuja mdomoni ni kupanda kwa kina cha bahari. Bahari inapanda kweli. Ila katika baadhi ya vitongoji ardhi yenyewe imekuwa ikididimia kwa kasi inayozidi kupanda kwa bahari mara nyingi, na sababu kuu ni kuvuta maji ya ardhini kupita kiasi. Indonesia ilipitisha sheria ya mji mkuu mpya, Nusantara, mwaka 2022, na kudidimia huko kulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Basi hoja ya kwanza imesimama. Lakini tuitazame vizuri: yale mabomba yanayovuja Norilsk yamo katika mada gani? Mada ya tabianchi huishia kwenye ramani ya maeneo yenye ardhi iliyoganda. Mada ya miji hushughulika na msongamano wa magari, makazi holela, taka na ukosefu wa ajira. Mada ya madini ina mbinu za uchimbaji na orodha ya athari. Mji unaoyeyusha ardhi yake wenyewe kwa joto lake hauna mahali. Wala hakuna mahali pa kuuliza kwa nini watu zaidi ya 170,000 wanaishi kule kwenye baridi, ingawa jibu ni fupi: nikeli, shaba na paladi, pamoja na historia ya mji ulioanza kujengwa mwaka 1935 kwa nguvu za wafungwa wa kambi za kazi.

Na nikeli hiyo inakwenda wapi? Nyingi duniani huingia kwenye chuma kisichoshika kutu, na sehemu inayozidi kukua huingia kwenye betri za magari ya umeme, magari yale yale yanayotegemewa kupunguza hewa ukaa. Kwangu hii ndiyo hoja inayouma zaidi ya wanaotaka mada ziunganishwe. Shirika la Kimataifa la Nishati limekadiria kwamba gari la umeme la kawaida huhitaji madini mara sita ya gari la mafuta. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inatoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, madini mengine ya betri. Sasa tazama mtihani. Katika swali la tabianchi mwanafunzi anaandika kwamba suluhisho ni nishati jadidifu na magari ya umeme. Katika swali la madini anaandika kwamba uchimbaji huharibu mazingira na unapaswa kupunguzwa. Anapata alama zote kwenye yote mawili, katika karatasi moja, na hakuna aliyemwonyesha kwamba amejipinga.

Mada ya miji nayo ina upofu wake. Mfano wa miduara wa Ernest Burgess wa mwaka 1925, uliotokana na Chicago na unaougawa mji katika kanda za duara kuzunguka kitovu chake, ni zana nzuri ya kuanzia, lakini unauchukulia mji kama umejengwa juu ya meza tupu. Johannesburg ilizaliwa mwaka 1886 kwa sababu ya mwamba wa dhahabu unaokwenda mashariki-magharibi, na ukanda wa migodi na vilima vya mabaki yake ukaupasua mji vipande viwili. Sheria za ubaguzi wa rangi zikaja kuutumia mpasuko huo kuwaweka watu weusi upande wa kusini-magharibi, Soweto, na vumbi la vilima hivyo limebaki kuwa kero ya vitongoji vya karibu hata baada ya migodi mingi kufungwa. Mchoro wa miduara hauna pa kuviweka vilima hivyo.

Pande zote mbili, nadhani, zinasahau kwamba tatizo kubwa liko katika namna uchimbaji unavyofundishwa, awe mwalimu anaunganisha mada au hapana. Mada hii imetawaliwa na "faida na hasara". Faida: ajira, fedha za kigeni, barabara. Hasara: uchafuzi, ukataji wa misitu, watu kuhamishwa. Mwanafunzi anakariri tano kwa tano na kuamini kwamba amepima. Hajapima, kwa sababu kupima kunadai kujua nani anapata, nani analipa, na ni lini.

Chukua hilo la "watu kuhamishwa". Kiruna, Sweden, mgodi wa chuma umeendelea kushuka chini ya mji, na tangu 2004 ilitangazwa kwamba sehemu ya katikati ya mji itahamishwa. Kazi hiyo imekwenda kwa miaka mingi kwa mipango na fidia. Kanisa la mbao la mwaka 1912 lilibebwa zima zima Agosti 2025 na kusafirishwa kilomita tano hivi. Wapo waliolalamika, na wana haki. Brumadinho, Brazili, tarehe 25 Januari 2019, bwawa la topesumu la mgodi wa chuma lilipasuka na kuua watu 270. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa mgodi, na kantini na ofisi zao zilikuwa chini ya bwawa, kwenye njia ya tope. Kwenye orodha, Kiruna inaingia "kuhamishwa" na Brumadinho "ajali", kila moja nukta moja. Orodha haiulizi kwa nini kantini ilikuwa pale.

Kwa hiyo mimi nisingezivunja mada. Misingi ya tabianchi, ya miji na ya miamba ifundishwe kila moja peke yake kwanza, kwa ukali, pamoja na grafu na ramani zake. Kisha, muhula wa mwisho, darasa lichukue mahali pamoja tu na kupachimba kwa zana zote tatu. Mtaala wa elimu ya msingi wa Ufini ulioanza kutumika 2016 ulifanya kitu cha namna hiyo: masomo hayakufutwa kama ilivyodaiwa na baadhi ya vyombo vya habari, ila kila mwaka mwanafunzi hupata angalau moduli moja ya kujifunza inayovuka mipaka ya masomo.

Kikwazo ni usahihishaji. Swali linalofaa kwa Norilsk lingempa mtahiniwa grafu ya joto la miaka mingi, mchoro wa nguzo na muhtasari wa ripoti ya wakaguzi, kisha limtake agawe lawama kati ya hewa, mji na kampuni, na aeleze ni ushahidi gani ungemfanya abadili mgawo wake. Watahiniwa wawili wanaweza kugawa tofauti na wote wakastahili alama nzuri. Msahihishaji aliyezoea kuhesabu nukta tano atahitaji mwongozo unaopima uzito wa hoja, na mwongozo huo ni mgumu kuuandika, ni mgumu zaidi kuutumia kwa usawa kwenye maelfu ya karatasi. Bodi za mitihani zinaposita hapo, zina sababu ya kweli. Ila kusita huko kusiitwe msimamo wa kitaaluma, kwa kuwa ni suala la muda na fedha za kuwafundisha wasahihishaji.