Anayeandika namba za vichwa vya treni ana kosa gani?

"Unapiga picha ya nini, kijana?"

"Ya kichwa, afande."

"Kichwa cha nani?"

Hakuwa anatania. Alikuwa mlinzi wa kampuni binafsi, reli aliijua kwa kuilinda tu, na hakuna aliyemwambia kwamba kwa watu wa reli kichwa ni ile injini inayovuta mabehewa. Nikamwonyesha simu: treni ya mizigo, kontena zimefuatana nyuma, namba ubavuni kwa rangi iliyoanza kubanduka. Akaitazama kwa muda. "Futa." Nikafuta mbele ya macho yake. Wakati huohuo, kwenye kivuko kilekile, bodaboda wawili walikuwa wakirusha pikipiki zao juu ya reli, na mama mmoja alikuwa ameanika dagaa karibu kabisa na mataruma. Hao hakuwauliza kitu. Mimi niliyesimama ng'ambo ya barabara ndiye niliyekuwa na la kujibu.

Nimelirudia tukio hilo mara nyingi moyoni, na sitaki kuligeuza kuwa kisa cha mlinzi mjinga na msomi aliyeonewa. Mlinzi alikuwa na hoja, ila aliielekeza mahali pasipo pake. Hilo ndilo ninalotaka kulipima hapa: hii hobi ya kufuatilia vichwa vya treni za mizigo, kuviandika namba na kuvipiga picha, ina faida gani, na wanaoitilia shaka wanaogopa nini hasa.

Wanaotushangaa huanza na swali la "kwa nini mizigo?" Treni ya abiria ina ratiba; ukitaka kuiona unakwenda saa yake. Ya mizigo haina ahadi na mtu. Inakuja ikijaa, inasimama porini kupisha nyingine, na leo inavutwa na kichwa hiki, kesho na vichwa viwili vilivyounganishwa kwa sababu kimoja kimechoka. Ukikaa siku nzima karibu na Mtito Andei, kwenye barabara ya Nairobi na Mombasa, unaweza kupata vichwa vya dizeli vya aina ya DF8B vya kutoka China vikivuta kontena zilizopandishwa moja juu ya nyingine, au unaweza kupata vumbi na jua tu. Dar es Salaam kuna utajiri wa aina nyingine: mji mmoja una reli za vipimo vitatu. Kuna reli ya kati ya zamani yenye upana wa mita moja, TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, yenye milimita 1,067, na SGR, reli mpya ya kisasa, yenye milimita 1,435. Kichwa cha reli moja hakiwezi kuingia kwenye nyingine. Kwa mwenye hobi hii, hiyo ni karamu.

Uingereza hobi hii ilipata kitabu chake mwaka 1942. Karani kijana wa kampuni ya reli ya Southern Railway, Ian Allan, alikuwa amechoshwa na barua za watu walioulizia injini za kampuni, akachapa kijitabu chenye orodha ya namba zake. Watoto wakajazana stesheni na kalamu, wakipigia mstari kila namba waliyoiona. Haikuchukua muda wakaanza kuvuka mipaka, na klabu iliyoundwa kwa ajili yao ikawa na sharti la kutoingia njiani mwa reli bila ruhusa. Kwa hiyo ugomvi kati ya mpenda treni na mwenye reli haukuanzia kwetu. Umri wake unakaribia ule wa hobi yenyewe.

Kwa nini namba, lakini? Chukua 5918, namba ya kichwa cha zamani cha reli ya Afrika Mashariki. Tarakimu mbili za mwanzo ni daraja, yaani aina ya kichwa, mbili za mwisho ni nafasi ya kichwa hicho katika daraja lake. Daraja la 59 lilikuwa la vichwa 34 vya mvuke vilivyotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila kimoja kikiwa na uzito wa zaidi ya tani 250, na kila kimoja kikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Viwili vimebaki katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi: 5918, Mount Gelai, na 5930, Mount Shengena. Gelai uko karibu na Ziwa Natron na Shengena uko Upareni. Milima yote miwili ni ya Tanzania, na majina yake yamekaa Nairobi juu ya chuma kilichojengwa Uingereza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, shirika la reli lililokuwa moja liligawanywa kuwa matatu, na mali ikagawanywa nalo. Vibao viwili vya majina vinakusimulia mkasa huo bila hata kufungua kitabu.

Hivyo vilikuwa vya mvuke, vilivyopendwa na kila mtu. Dizeli hazina bahati hiyo. Vichwa vya kampuni ya English Electric vilivyoingia mwaka 1960 vikiwa daraja la 90 vilikuja kuandikwa upya kuwa daraja la 87. Anayesoma orodha mbili tofauti bila picha anaweza kudhani ni mashine tofauti. Baada ya hapo reli ya Kenya ilikodishwa kwa kampuni binafsi ya Rift Valley Railways kuanzia 2006, ikarudi serikalini 2017, na katikati vikaletwa vichwa vya kampuni ya General Electric vilivyokwisha kutumika Marekani. Kila mabadiliko yana rangi yake na namba zake. Kichwa kikifa kinakatwa, kinauzwa kama vyuma chakavu, habari imekwisha. Mtu aliyesimama kivukoni na kamera mwaka fulani, akaandika tarehe na namba, ameacha ushahidi ambao karakana mara nyingi haina haja ya kuutunza. Na tuseme ukweli unaouma kidogo: picha nyingi za vichwa vyetu vya zamani zimo kwenye maalbamu ya wageni waliosafiri kuja kuvipiga. Sisi tulivipanda tu.

Sasa upande wa pili, na nautaka uzito wake kamili.

Hofu ya kamera kwenye reli haikutoka hewani. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ilijengwa ili shaba ya Zambia ifike bandarini bila kupita mikononi mwa walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) na Afrika Kusini. Ilikabidhiwa mwaka 1976. Oktoba 1979 makomandoo wa Rhodesia waliingia Zambia na kulipua daraja lake la Mto Chambeshi, na Zambia ikajikuta inategemea tena njia ya kusini iliyokuwa ikiikimbia. Kabla ya hapo, katika Vita Kuu ya Kwanza, vikosi vya Wajerumani vilikuwa vikivuka mpaka na kulipua Reli ya Uganda upande wa Tsavo. Daraja la reli katika ukanda huu limewahi kuwa shabaha kweli. Sheria ya Usalama wa Taifa ya Tanzania, yenye masharti yake juu ya maeneo yaliyolindwa, ni ya mwaka 1970, miaka ambayo adui alikuwa na jina na mpaka. Mzee aliyekuwa mgambo wakati ule hahitaji kuelezwa kwa nini picha ya daraja si picha tu.

Kuna na hofu ya leo, isiyo na siasa ndani yake: wizi. Januari 2022 Kenya ilisimamisha biashara nzima ya vyuma chakavu kwa sababu miundombinu ilikuwa ikifunguliwa bolti kwa bolti. Kwenye reli ya umeme nyaya za shaba zina soko, na kwenye reli ya zamani mafuta ya dizeli yana wateja. Ukiwa mlinzi unayelipwa kidogo na unajua kwamba kikipotea kitu wa kwanza kuhojiwa ni wewe, mtu asiyejulikana anayerudi mara tatu kwa wiki na daftari hawezi kukufurahisha. Mimi mwenyewe nisingefurahi.

Wagiriki walionyesha jinsi jambo hili linavyoweza kwenda kombo. Novemba 2001 walikamatwa huko Kalamata wapenzi wa ndege kumi na wanne, Waingereza kumi na wawili na Waholanzi wawili, kwa kuandika namba za ndege za kijeshi. Aprili 2002 walitiwa hatiani, wanane kwa ujasusi na sita kwa kuwasaidia. Novemba mwaka huohuo rufaa ikawaachia. Mahakama ya kwanza haikuweza kuamini kwamba watu wazima wanaweza kupanda ndege, kulipa hoteli na kusimama juani ili wakaandike namba. Ukifikiria, kutoamini huko kuna akili yake. Ila wale walikuwa pembezoni mwa viwanja vya jeshi. Kichwa kinachovuta saruji kuelekea Tabora ni kitu kingine.

Hapo ndipo hoja ya usalama inapoanza kupwaya kwangu. Reli inaonekana kwenye picha za setilaiti. Abiria wanarekodi madirishani. Mashirika yenyewe hutangaza kwa shangwe kila vichwa vipya vinaposhushwa bandarini, picha kwa picha. Ubavu wa treni hauna siri ya kufichwa. Chenye thamani kwa mwizi ni saa na mahali: treni ya mafuta imesimama hapa, sasa hivi, haina ulinzi. Na hapo wenzangu wa hobi tuna la kujibu, kwa sababu tunapenda sana kuwa wa kwanza kutangaza. Picha ikitoka baada ya siku tatu haimpunguzii uzuri mtu yeyote, na haimsaidii mwenye dumu. Anayetangaza papo hapo anatafuta sifa, na siwezi kumtetea mbele ya mlinzi.

Kuna pingamizi jingine ambalo halisemwi mara nyingi, nami huwa linanisumbua zaidi ya lile la ujasusi. Kupenda vichwa vikongwe ni raha ya mtu asiye na mzigo ndani ya behewa. Kichwa cha miaka arobaini kikitoa moshi mweusi mlimani, mimi napata picha. Mfanyabiashara wa Kigoma anapata wiki ya kungoja. Nimewahi kumsifia dereva mmoja mashine yake, akanijibu, "Ichukue nyumbani kwako basi." Nikanyamaza.

Lakini yote hayo ni madogo ukilinganisha na miguu. Tunabishana juu ya mkono ulioshika kamera na tunasahau mahali miguu iliposimama. Juni 2024, huko Nopala, jimbo la Hidalgo, Mexico, kichwa cha mvuke cha kampuni ya Canadian Pacific Kansas City, namba 2816, kilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa amepiga goti karibu mno na reli ili ajipige picha nacho. Februari 2016 treni ya mvuke ya Flying Scotsman, ikirudi njiani kwa shangwe kutoka London kwenda York, ilikwama kwa sababu watazamaji walikuwa wameingia njiani. Kwetu sina haja ya kutafuta mfano mbali: tazama picha za maharusi. Bwana na bibi harusi katikati ya mataruma, wapambe wameshika shela, reli mbili zinakutana nyuma yao. Mpiga picha analipwa, hakuna anayeambiwa "futa".

Nami si msafi. Nimewahi kusimama kati ya reli nikitafuta picha hiyohiyo ya mbele, jua mgongoni, jicho kwenye kioo. Ukitazama kupitia lenzi ya kuvuta, treni inaonekana imesimama; haikui, mpaka ghafla imekua. Nilitoka kwa sababu ya honi, si kwa sababu ya akili.

Tabia hiyo tuliipata kwenye reli za zamani, ambako treni ilikuja polepole na dizeli yake ikisikika tangu bonde la pili. Reli ya umeme ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina treni za kilomita 160 kwa saa zisizonguruma namna ile, na juu yake nyaya za volti 25,000 ambazo hazihitaji kuguswa ili zikudhuru. Ukizisogelea na fimbo ya selfi au ndege nyuki umekwisha karibisha moto. Treni ya mizigo iliyojaa nayo inaweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama. Dereva akikuona, hana la kukufanyia ila kupiga honi na kufunga breki, na kubaki na sura yako usingizini.

Kwa hiyo ningependa sheria ifuate miguu. Uingereza unaruhusiwa kupiga picha stesheni kwa matumizi yako mwenyewe, bila flashi, ukiwa nyuma ya mstari wa njano. Sisi hatuwezi kuinakili vivyo hivyo, maana stesheni za SGR zina ukaguzi kama wa uwanja wa ndege, na treni za mizigo hazipiti pale tunapokaa abiria. Sehemu zetu ni barabara kuu, madaraja ya magari na vivuko. Inatosha iandikwe wazi: ukiwa nje ya hifadhi ya reli, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa reli, juu ya ardhi ya umma, piga; ukiingia ndani ya hifadhi, hata bila kamera, umekosa. Mlinzi angekuwa na kitu cha kusimamia, na wale bodaboda wangepata sehemu yao ya maswali. Karakana kama ya Morogoro ingeweza kufungua geti siku moja kwa mwaka, watu wakaingia na viatu vigumu na mwenyeji wa kuwaongoza.

Haraka yangu ina sababu. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua TAZARA. Ni habari njema kwa mwenye mzigo, na vichwa vilivyopo leo vitakwenda njia ya wenzake 5918 wasiobahatika, yaani kwenye mizani ya chuma chakavu. Nimepanga safari ya Makambako, kwenye reli hiyo, kabla hayo hayajafika. Nitasimama barabarani, nitamwamkia mlinzi kabla hajaniuliza, na nitamweleza mapema kichwa ni nini.

Ile picha ya kivukoni niliifuta kweli, sikuirudisha. Namba niliiandika kwenye daftari nilipofika nyumbani.