Rangi za Linux apange yule anayefunga mzigo

Swali naulizwa sana na watu nimewawekea Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, si ati Word iko wapi, ni "mbona hii moja inakaa tofauti?" Mtu amefungua folda, dirisha jeusi poa kabisa, halafu anafungua apu ya kusoma PDF inakuja nyeupe pe, aikoni nene za kizamani, menyu imejipanga huko juu na kwa ile ingine ilikuwa imefichwa kwenye mistari mitatu, na hapo anaanza kuniangalia kama nimemuuzia kitu feki. Kazi yangu ni laptopu za mtumba, zile zinauzwa Luthuli na Moi Avenue jijini Nairobi, na nyingi zikinifikia Windows 11 haizitaki ama inazitesa tu. Kwa hivyo naweka Linux. Na inafanya kazi, hapo sina neno. Shida ni sura.

Na usimcheke huyo mteja. Miaka hii yote ameambiwa ukurasa wa benki ama wa eCitizen ukikaa tofauti kidogo na venye umeuzoea, toka haraka, hao ni wakora. Amejifunza kusoma sura kama ushahidi. Sasa leo wewe unamwambia hapana, hapa dirisha moja kutofanana na lingine ni kawaida, ndio uhuru wenyewe wa programu huria. Anasikia tu virusi.

Chanzo cha hii kitu ni kirefu na hakikuwa hata cha urembo. KDE, mazingira ya skrini ya Linux yenye madirisha na menyu zake, ilianza 1996 ikijengwa juu ya Qt, sanduku la vifaa vya kuchorea madirisha na vitufe, na wakati huo leseni ya Qt haikuwa huru vile watu wengine walitaka, ndio 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena wakaanzisha GNOME, mpinzani wa KDE, juu ya GTK, sanduku lingine la vifaa kama hilo. Ugomvi wa leseni. Mwaka 2000 Qt ikawekwa chini ya GPL, leseni ya programu huria, sababu ya ugomvi ikaisha, lakini kambi zilikuwa zishajengwa, kila moja na vitufe vyake, menyu zake, na njia yake ya kuchora hata kile kisanduku cha kuweka tiki. Kwa hivyo ukiona apu mbili hazifanani kwenye skrini moja, mara nyingi unaangalia matokeo ya mabishano ya 1997.

Na hata ndani ya kambi moja hawaendi pamoja. GTK ilizaliwa kwa ajili ya GIMP, apu ya kuhariri picha, hiyo G ya mwanzo ni ya GIMP. Sasa GTK3 ilitoka 2011, GTK4 ikatoka mwisho wa 2020, na GIMP yenyewe, mwenye jina, ilifika GTK3 Machi 2025. Miaka 14! Silaumu watu wa GIMP, hao ni wachache na wengi wanajitolea, na kuhamisha programu kubwa hivyo si kazi ya wikendi. Nasema tu ukingoja kila apu ifike pahali pamoja kwa wakati mmoja, utangoja sana.

(Na kabla mtu wa Windows hajaanza kushangilia: fungua Windows 11, chimba mipangilio kidogo, utakutana na ile Control Panel ya zamani imekaa tu. Hao wako na pesa zote za dunia.)

Sasa uliza ni nani atengeneze, jibu la kwanza utapewa ni "ni programu huria, tengeneza mwenyewe." Hilo jibu linanichoma. Kutengeneza mwenyewe maana yake nini? Udaunilodi themu, yaani vazi la rangi na vitufe, ya mtu huna habari naye, uinstoli ya GTK3, halafu ya GTK4, halafu ukatafute nyingine ya Qt inayofanana nayo, uandike mistari kadhaa kwenye faili la siri, uzime uwashe, na apu zako za Flatpak bado hazioni hiyo themu kwa sababu zimefungiwa ndani ya boksi lao. Apdeti inayofuata inavunja nusu ya hayo. Mimi naweza, na siku zingine hata nafurahia, lakini mama wa nguo pale Gikomba anaandika stoki yake kwa LibreOffice Calc, yeye hiyo kazi inamhusu aje?

Jibu la pili ni madevulopa wa apu. Hapa niko upande wao kabisa. Mwaka 2019 kundi la madevulopa wa apu za GTK waliandika barua ya wazi wakiomba distro, yaani Linux iliyofungashwa tayari na apu zake, ziache kuzivisha apu zao themu kwa lazima. Watu wengi waliisoma vibaya, wakadhani wanakatazwa kucheza na kompyuta zao, na barua ilisema wazi kwamba ukichezea mashine yako mwenyewe hawana shida. Shida yao ni distro kumpa kila mtu themu ambayo dev hajawahi kuiona, kwa sababu themu za GTK ni CSS tu, karatasi ya mitindo ya rangi na vipimo, hakuna mkataba unaosema hii rangi itabaki hapa na huu upana utabaki pale. Dev amejaribu apu yake na karatasi moja ya mitindo, distro inaweka nyingine, maandishi meupe yanaangukia juu ya nyeupe, na anayeletewa malalamiko ni nani? Dev. Anapokea lawama ya kitu hakufanya. Mwisho wa 2021 ikaja libadwaita, maktaba ya GNOME inayozipa apu zake sura moja maalum, ikafunga huo mlango wa themu za distro karibu wote, na kelele zikafuata.

Anabaki nani? Anabaki yule aliyefunga mzigo. Distro. Yeye ndiye alichagua hii apu ya picha ikae pamoja na hii ya faili, akaziweka kwa ISO moja, lile faili la kuinstolia mfumo, akaweka na nembo yake juu. Hakuna mtu mwingine kwenye mnyororo mzima anaziona zikiwa pamoja kabla hazijamfikia mteja. Dev wa apu anaona apu yake tu, watu wa GTK wanaona GTK, watu wa Qt wanaona Qt.

Na si ati haijawahi kujaribiwa. Distro ya Red Hat Linux 8.0 ya 2002 ilikuja na Bluecurve, sura moja iliyopakwa GNOME na KDE zote mbili, na watu wa KDE walikasirika sana, mpaka mmoja aliyekuwa akiishughulikia KDE ndani ya Red Hat akaondoka. Walikuwa na hoja, KDE yao ilikuwa imekatwakatwa. Lakini mwenye kununua ile CD alifungua mashine akaona kitu kimoja, na kama hakukipenda alijua wa kumlaumu. Hiyo ya mwisho ndio nataka irudi.

Mfano mzuri wa siku hizi kwangu ni distro ya Mint. Walipoona apu za GNOME zinahamia libadwaita na hazitii themu yao, hawakukaa kulia. Kwa Mint 22, mwaka 2024, walirudisha apu kadhaa, kikokotoo, skana, kalenda, kwenye matoleo ya GTK3 ili zifanane na zingine, na baadaye wakatengeneza libAdapta, nakala yao ya libadwaita inayokubali themu. Unaweza kusema ni kurudi nyuma, na kuna ukweli, matoleo ya zamani yanazeeka na kuna mtu atayabeba. Lakini ni timu ndogo ya kuishi kwa michango, na wameibeba. Kampuni ambazo zinalipa watu mishahara zisituambie ni ngumu.

Watu wa GTK na Qt nao hawaponi hivihivi, ila kazi yao naiona ndogo. Matatu za Nairobi hakuna mbili zinafanana michoro, lakini zote ziko na ule mstari wa manjano wa sheria za waziri Michuki za 2004, na inatosha kujua hiyo ni gari ya abiria. Kwa skrini mstari kama huo umeanza kupatikana. Ile ishara ya kusema mtu anapenda giza ama mwanga, waliyokubaliana kupitia freedesktop, mradi wa kambi zote kupatana viwango, ni namba tu: 0 hana chaguo, 1 giza, 2 mwanga. Basi. GNOME 42 ikaanza kuitumia 2022, KDE inaielewa, na apu inabaki kujichorea giza lake yenyewe bila mtu kuivalisha. Rangi ya msisitizo, ile ya vitufe na kitu ulichochagua, nayo imefuata njia hiyohiyo, GNOME ikaiweka kwa 47 mwaka 2024. Kazi ndogo hivyo na imeniondolea malalamiko mengi kuliko themu zote nimewahi kudaunilodi, hata manze sijui kwa nini ilichukua miaka yote hiyo.

Kwa sasa mteja wa kawaida namwekea Mint na apu zilezile zilikuja nayo, siongezi pambo. Anayependa kupangapanga namwekea KDE na apu za KDE tupu, Dolphin ya faili, Okular ya PDF, Gwenview ya picha, zinakaa ndugu. Nikikuta maandishi hayasomeki naripoti kwa distro, simsumbui dev. Wenye hawana dawa ni wale madizaina wa mabango na kadi za harusi kule River Road, wanataka Inkscape na Krita, apu za kuchora, kwa mashine moja, ya kwanza GTK, ya pili Qt, na sijaona distro imezipatanisha hizo mbili vizuri. Hao nawaonyesha zote mbili zikiwa wazi kwa skrini kabla hawajalipa.