Pasi ya Afande na Ubao wa Theluji

Afande hakubali kwamba kuna kitu bapa duniani kisichoiweza pasi yake. Alistaafu jeshini akiwa sajini wa stoo, na hapa Bombo, mji wa kambi ya jeshi nchini Uganda, ambako huwezi kurusha jiwe bila kumpata mstaafu, jina lake limesimama juu ya mkunjo wa suruali. Kwa hiyo mjukuu wake alipofika kutoka Austria kwa harusi ya dada yake, mgongoni amebeba ubao wa kutelezea kwenye theluji, nilijua kwamba siku ubao ule utakapohitaji pasi, mzee hatakaa kando.

Mtaa mzima uliuliza ubao wa theluji umekuja Bombo kufanya nini. Theluji yetu iko Rwenzori, juu kabisa kwenye Mlima Stanley, kule ambako kilele cha Margherita kinafika mita 5,109, na hata hiyo inazidi kupungua. Ubao haukuja kwa ajili yake. Kijana alitoka mlimani akapanda ndege, na baada ya harusi wenzake walikuwa wanamsubiri Innsbruck ili wapande tena mlimani siku ileile atakayotua. Alitaka afike na ubao uliokwisha kupakwa nta, ile inayoyeyushwa kwa pasi ili ubao uteleze. Mimi niliwahi kufanya kazi kwenye karakana ya ski, ndugu wa ubao huu, kule Tirol, Austria, kabla sijarudi kuuza vipuri vya pikipiki, basi nikaitwa fundi.

Ubao wenyewe ulikuwa unalia njaa. Ukiugeuza tumbo juu, pale kandokando karibu na makali ya chuma plastiki ilikuwa imepauka, kavu, nyeupe-nyeupe. Hiyo ndiyo dalili. Tumbo la ubao ni polietilini, ndugu wa kaveera, mfuko wa plastiki. Za bei rahisi huyeyushwa na kusukumwa kama bomba la maji linavyotengenezwa, nazo hunywa nta kidogo sana. Za bei kubwa hutengenezwa kwa unga uliobanwa kwa joto hadi chembe zishikane, na katikati hubaki nafasi ndogo mno zisizoonekana kwa jicho. Humo ndimo nta inamokaa. Ubao wa kijana ulikuwa wa aina hii ya pili, na usipoulisha unakwenda polepole kuliko ule wa rahisi.

"Nta gani, fundi?" kijana akaniuliza. Alikuwa na kipande cha nta ya joto lote, akaona haya kukitoa kwa sababu rafiki zake humcheka.

Nikamwambia wamuache. Nta huchaguliwa kwa joto la theluji, si la hewa. Theluji ya baridi kali ina fuwele zenye ncha, zinachimba ndani ya nta laini na kuukamata ubao, ndiyo maana baridi inataka nta ngumu. Theluji inayoyeyuka ina maji, na maji hunyonya ubao kwa chini, ndiyo maana pale inatakiwa nta laini inayoyakataa maji. Nta ya joto lote imekaa katikati. Haishindi popote, lakini pia haikuangushi vibaya popote, isipokuwa kwenye ncha mbili: baridi ya digrii 15 chini ya sifuri itaimaliza haraka, na uji wa theluji wa saa nane mchana utaishika. Mwanamashindano anayegombania sehemu ya sekunde ana haki ya kubeba sanduku zima la nta. Huyu alikuwa anakwenda kucheza na wenzake mwezi wa Machi kwenye milima ya Alps, ambako asubuhi theluji ni jiwe na mchana ni supu. Atabadilisha nta mara ngapi kwa siku?

Kitu kimoja tu nilikisoma kwenye karatasi ya nta yake: kwamba haina kemikali ya florini. Zenye florini zilikuwa na kasi ya ajabu, lakini mvuke wake ni sumu kwa anayepiga pasi na mabaki yake hayaozi, na shirikisho la ski la dunia, FIS, limezipiga marufuku mashindanoni tangu msimu wa 2023–24. Kumbe kuisoma ile karatasi ndiko kulikookoa mapafu ya Afande.

Tukaulaza ubao tumbo juu barazani, kwenye stuli mbili zilizotandikwa mkeka. Kwanza unafungua vishikio vya miguu. Ukiviacha vimekazwa, joto la pasi linapita kwenye skurubu na zinavuta plastiki ndani, unabaki na vidimbwi tumboni. Afande alizipokea skurubu moja moja, akazipanga kwenye kopo la majani ya chai, akatangaza: "Nane. Zote zimeripoti." Hapo nikaona bora nimpe cheo mapema, nikamwambia yeye ndiye mkuu wa stoo. Haikusaidia.

Nikasugua kwa brashi ya nyuzi za shaba kutoka kichwani kwenda mkiani, upande mmoja tu, usirudi nyuma. Kisha pasi. Nina pasi yangu kuukuu ya umeme isiyo na matundu ya mvuke, maana matundu hunywa nta yote, nayo nimeiandika ubavuni kwa rangi nyekundu: NTA TU. Zile nukta za kwenye pasi zina maana: moja ni kama digrii 110, mbili 150, tatu 200. Nta ya joto lote inataka 120 hadi 130 hivi, yaani unapita nukta ya kwanza na hufiki ya pili. Iyeyuke bila kutoa moshi. Ukiona moshi, punguza. Na polietilini yenyewe huanza kuyeyuka kwenye digrii 130 na kitu, kwa hiyo unacheza karibu sana na moto, na kinachouokoa ubao ni kwamba pasi haisimami hata mara moja.

Afande akaja, akaitemea mate. Ikalia tss dhaifu tu.

"Hii imekufa," akasema.

"Hiyo ndiyo inavyotakiwa, Afande."

"Kijana, mimi nimenyoosha nguo za makanali."

Nikagusisha nta kwenye pasi, ikaanza kudondoka matone, kila tone sentimita mbili au tatu kutoka kwa jingine, na mstari mzima kandokando ya makali, kwa kuwa huko ndiko kunakokauka kwanza. Kisha pasi ikatembea taratibu kutoka kichwani hadi mkiani, nyuma yake ikiacha mkia wa nta mbichi wa sentimita tano hivi kabla haujaganda. Mkia ukiwa mrefu sana, umekawia au pasi ni moto mno. Ukitia kiganja upande wa pili wa ubao uhisi uvuguvugu, basi. Nilifika katikati, umeme ukakatika.

Jirani ana jenereta lakini hana petroli. Nikapanda boda kwenda kituoni, nikamwagiza mzee jambo moja: mtu asiguse kitu.

Amri kwa mstaafu ni jambo la kukumbuka tu enzi zake. Niliporudi niliuona moshi kabla sijaiona nyumba. Afande alikuwa ameleta pasi yake ya mkaa, ile ya chuma yenye jogoo kwenye kifuniko, ameipepea hadi matundu yote yanawaka, na anaupiga ubao kwa nguvu zile za gwanda la sherehe ya Uhuru.

"Afande, inatoa moshi!"

"Moshi ni dalili ya kazi."

Mkaa hauna nukta. Pasi ile ikishapepewa inapita digrii 200 bila kuaga mtu, na kila akiivuta, majivu yanadondoka kwenye nta mbichi. Lakini hata hivyo ubao ungesalimika, kwa sababu kusema kweli mkono wa mzee ulikuwa unatembea vizuri, mwepesi, ulionyooka. Kilichouponza ni adabu. Bibi wa nyumba ya pili alipita nje ya ua, akasalimia, na Afande hawezi kumsalimia mtu huku ameinama. Akasimama wima. Pasi ikabaki pale ilipo.

Akaulizwa habari za asubuhi. Za nyumbani. Za mgeni wa Ulaya. Za maandalizi. Naye akauliza za watoto, za yule mgonjwa, za mguu, za mvua ya juzi, na kama yule mbuzi amepatikana. Mbuzi alikuwa amepatikana, na ikabidi lielezwe ni wapi. Mimi nilikuwa bado namlipa boda. Nilipofika, pasi iliponyanyuliwa ilitoa sauti ya kubanduka, na chini yake kulikuwa na alama safi ya pasi, ncha mbele, kisigino nyuma, inang'aa.

Kule kung'aa ndiyo habari mbaya yenyewe. Plastiki iliyoyeyuka juu hufunga zile nafasi ndogo, na hapo nta haiingii tena hata uibembeleze vipi.

Afande aliitazama kwa muda. "Sisi tulikuwa tunapaka mshumaa chini ya pasi ili iteleze kwenye nguo," akasema. "Sasa tofauti iko wapi?" Na kweli mshumaa ni parafini, jamaa wa nta hii, ila ni laini zaidi na kwenye theluji unaisha upesi. Hoja yake haikuwa ya kijinga, ila haikuhusu mbuzi.

Umeme uliporudi jioni tulisafisha majivu kwa njia pekee ninayoiamini. Unayeyusha nta juu ya ile chafu, na kabla haijaganda unaikwangua ikiwa bado ya moto, uchafu unatoka nayo. Ya kwanza ilitoka nyeusi, ya pili ya kijivu, ya tatu ikatoka nyeupe. Kisha nikapaka ya mwisho, nikaiacha ilale usiku kucha. Nusu saa ndiyo kima cha chini. Zaidi ya hapo ni bora, na usiuanike juani wala usiutie mahali pa baridi ili kuharakisha.

Asubuhi nikaanza kukwangua kwa plastiki ngumu yenye ukingo mkali, nimeiinamisha digrii 45, nikianza na nta iliyoganda kwenye makali ya chuma. Mama wa bibi harusi alisimama na sinia ya vikombe akinitazama.

"Jana mmepaka kutwa, leo mnaitoa yote?"

Hata kule Tirol waliuliza hivyohivyo, kwa Kijerumani. Inayofanya kazi ni ile iliyozama. Ya juu ni mzigo: kwenye theluji inavuta, inashika uchafu, na mtu anadhani amenunua nta mbovu. Kwangua mpaka uone haitoki kitu, halafu brashi ya shaba, halafu ya nailoni, mpaka tumbo ling'ae kiza bila michirizi. Nilikuwa namweleza haya alipokanyaga maranda ya nta kwenye saruji iliyosuguliwa. Alikwenda mita mbili akiwa amesimama, sinia iko juu, kikombe hakikuanguka hata kimoja. Mjukuu alisema kuna watu wanalipia masomo wiki nzima hawajafika pale.

Wakati huo Afande alikuwa ndani ananyoosha kanzu ya kumwozeshea mjukuu. Kwa pasi ya mkaa. Aliifuta kwa jani la mgomba kama ilivyo desturi, na jani la mgomba linaweza mengi lakini nta iliyoingia kwenye vinyweleo vya chuma haliitoi. Niliitwa kanzu ikiwa na mabaka kifuani yanayopitisha mwanga. Dawa ninaijua: karatasi ya kaki juu na chini, si gazeti maana wino unahama, pasi safi ya vuguvugu, na karatasi ibadilishwe kila ikilowa. Lakini pasi safi ilikuwa wapi? Yangu imeandikwa NTA TU, ya mzee ndiyo mtuhumiwa, na ya jirani ilikuwa kwenye magauni ya wasimamizi. Afande hakusubiri. Akatumia ileile, kwa bidii, mabaka yakaungana yakawa ramani moja.

Tulipotoka kwenda msikitini mvua ikanyesha kwa hasira. Watu wote walilowa chapachapa. Kwenye kifua cha Afande maji yalikuja, yakajikusanya matone ya mviringo, yakabingirika hadi chini, yeye akitembea kifua mbele asiharakishe. Imamu alimtazama sana. Baada ya ndoa mashemeji wawili walimuuliza kitambaa kile kinauzwa duka gani.

Wiki iliyofuata mjukuu akatuma ujumbe wa sauti kutoka Innsbruck. Ubao unateleza vizuri, isipokuwa karibu na mkia kuna sehemu inabaki imepauka hata ukipaka. Aliupeleka karakana, wakausaga kwa mashine ya jiwe kuondoa utando wa juu; alama ikafifia, haikutoka yote, na kusaga zaidi kungekula plastiki nzima. Fundi wa kule alitaka kujua ni mashine ya kampuni gani inayoacha alama ya ncha namna ile.

Afande akasikiliza ujumbe mara mbili, kisha akabonyeza kitufe ajibu. "Mwambie ni pasi ya jeshi. Akiitaka nitamtumia, lakini mkaa atafute mwenyewe."