Saadani: mpaka uchorwe na nani?

Saadani, iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ndiyo hifadhi ya taifa pekee Tanzania Bara inayogusa bahari. Iliunganisha lililokuwa pori la akiba, shamba la ng'ombe la Mkwaja na msitu wa Zaraninge. Kabla ya yote hayo kulikuwa na wavuvi na madago yao, yaani kambi zao za uvuvi.

Sheria ya hifadhi za taifa hairuhusu watu kuishi ndani. Jirani hupewa "ujirani mwema": madarasa, zahanati, kisima. Ni msaada wa kweli, siubezi. Lakini darasa halimpi mtu kauli juu ya ardhi. Kule Uvinje, kitongoji cha pwani ya Saadani, wakazi wanasema babu zao waliwapokea maofisa wa wanyamapori miaka ya 1960 kwa makubaliano kwamba makazi yao yaheshimiwe. Mamlaka ya hifadhi ikaja kuwahesabu kuwa wamo ndani ya mpaka. Mtu aliyemkaribisha mgeni akageuzwa mvamizi. Hilo linaniuma kila ninapolifikiria.

Wanaotaka mamlaka ibaki mikononi mwa dola nao wana hoja nzito, na nzito zaidi iko mdomoni mwa mto Wami. Mikoko ya pale ni malezi ya kamba wanaovuliwa hadi Bagamoyo. Kijiji kimoja kikiamua kuifyeka, anayelala njaa ni mvuvi wa kijiji kingine ambaye hakuitwa kikaoni. Tena serikali za vijiji si malaika. Mkaa unaotoka ukanda huu kwenda Dar es Salaam haupiti angani. Kuna wanaouona ukipita, wakanyamaza.

Hata hivyo, tazama Ushongo, Pangani. Kisiwa cha Maziwe kilipoteza miti yake, na sasa maji yakijaa kinafunikwa chote. Kasa bado wanapanda kutaga, na mayai yakiachwa pale yanazama. Wanaoyahamishia ufukweni Ushongo ni wenyeji, watu wanaojua bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, litaingia lini. Askari aliyehamishiwa pwani mwaka jana atahitaji muda mrefu kulijua hilo, hata akiwa na bidii.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka hifadhi ikabidhiwe vijiji moja kwa moja. Doria ya mikoko na ujangili ibaki kwa askari wa hifadhi. Ila mpaka, njia za wavuvi kufika madagoni, na kifuta jasho pale tembo anapomaliza shamba, hayo yaamuliwe mwenyeji akiwa mezani tangu siku ya kwanza, si kusomewa mkutanoni yakiwa yameshapigwa muhuri.

Kwa Uvinje ningeanza na jambo dogo: ramani za zamani zitolewe, wapima ardhi waje, na wautembee mpaka kwa miguu pamoja na wazee waliozaliwa pale, kabla hakijasimikwa kigingi kingine.