Delicate Arch: jua la jioni lisikuponze

Kwenda na kurudi ni kilomita 4.8 tu. Ndiyo maana watu huliendea Delicate Arch, tao la asili la mwamba, kwenye hifadhi ya Arches jimboni Utah, Marekani, wakiwa na kandambili na kichupa kimoja cha maji. Kilomita hizo zinadanganya. Kuanzia Wolfe Ranch, penye kibanda cha mbao cha mwaka 1906, hadi kwenye tao, kivuli ni cha kutafuta, na Julai joto hupita nyuzi 38.

Wengi hupenda jioni, kwa sababu jua la magharibi hulipiga tao usoni likawaka kama kaa. Asubuhi upande wa watazamaji huwa kivulini, kwa hiyo picha za jioni ni bora, hilo sibishi. Hata hivyo nasema nenda alfajiri. Jioni unapanda mwamba uliookwa mchana kutwa, joto likikupiga toka chini, kisha unashuka gizani. Na hatari iko kwenye kushuka.

Njiani changarawe inaisha, unaingia kwenye mwamba mtupu. Hapo hakuna njia iliyochimbwa, unafuata vijirundo vya mawe vilivyopangwa kuonyesha njia. Wakati wa kupanda, kirundo kinachofuata kiko mbele ya macho. Wakati wa kushuka, mwamba umebinuka kama mgongo wa nyangumi: kadiri unavyoteremka ndivyo unavyozidi kuwa mkali, na huoni unakoishia. Usikiache kirundo kimoja kabla hujakiona kingine. Ukipotea, panda urudi kwenye kile cha mwisho, usijaribu kukata njia. Wala usijenge cha kwako, maana mgeni atakayekuja nyuma atakiamini.

Vaa viatu vya soli ya mpira yenye meno. Mwamba ukiwa mkavu hushika vizuri; kinachoangusha watu ni mchanga uliotawanyika juu yake, chembe zake zinaviringika chini ya soli kama mtama uliomwagika sakafuni. Mita 180 hivi za mwisho unapita kwenye ukingo wa jabali, ukuta upande mmoja na bonde upande wa pili. Mtoto atembee upande wa ukuta, mkono wake ndani ya wako. Majira ya baridi ukingo huo hushika barafu, na bila vyuma vya kuvalisha viatu ni heri kughairi. Mawingu ya radi yakijikusanya, geuka hapo hapo. Juu ya mwamba ule wewe ndiye mnazi.

Maji ni lita 2 kwa kila mtu, kiangazi zaidi. Jaza chupa kwenye kituo cha wageni, karibu na lango, kwa kuwa Wolfe Ranch hakuna bomba. Chupa ikifika nusu kabla hujafika kwenye tao, rudi. Hewa ile kavu hukausha jasho usijione unatoka jasho. Ukiona chumvi nyeupe kwenye shati, tayari umechelewa kunywa. Karanga zenye chumvi zinasaidia kuliko peremende.

Pembeni mwa njia utaona udongo mweusi wenye vinundu, kama ukoko wa sufuria. Uko hai: ni vijidudu vinavyofunga mchanga usipeperuke. Hatua moja huuvunja, na kupona kwake huchukua miaka mingi. Ukitaka kumpisha mtu, simama juu ya jiwe.