Bora Mpangaji

Kwetu Tabata, kile chumba cha uani alikuwa anakaa mpangaji. Kodi yake 60,000 kwa mwezi na umeme 10,000, basi. Alikuwa anaishi kama balozi. Anarudi saa tano usiku, haulizwi katoka wapi. Anafunga mlango kwa kufuli, ufunguo anaondoka nao. Bomba likivuja anagonga dirisha la baba: "Mzee, hili bomba vipi?" Na mzee anatoka, tena na spana mkononi. Mimi ni mtoto wa kwanza wa nyumba hii, nina miaka 31, nina kazi, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni mpaka nasahau kukivua. Bomba la ndani likivuja naitwa mimi. Nikaangalie. Nikishaangalia nitafute fundi. Fundi akishapatikana, "mmalizane huko huko."

Ukiniuliza natoa shilingi ngapi kwa mwezi hapa nyumbani, sijui. Na hapo ndipo shida ilipo: hakuna bei. Nasikia Uingereza mtoto akianza kazi na bado yuko kwao, wapo wazazi wanaomtajia kabisa kiasi cha kutoa. Anatoa, anakula, analala, wamemalizana. Mhadithie mtu wa huku habari hiyo, atashika kichwa: mzazi gani huyo! Haya, mama yangu hajawahi kunitajia hata mia. Yeye anatoa taarifa. "Luku imebaki yuniti tatu." Hajasema nunua. Kasema imebaki tatu, halafu kaendelea kuchambua mchicha. "Naona leo moto wa gesi umekuwa mwekundu." "Mchele huu ukifika Ijumaa tumshukuru Mungu." Ukinyamaza, taarifa inarudiwa kwa sauti ya juu kidogo, safari hii anaambiwa paka.

Dalili ya uhakika iko moja. Akiniita jina langu niko salama, labda nimeacha taa ya chooni inawaka. Akiniita baba, "Umeamka, baba? Umelala salama, baba angu?", hapo ujue mtungi umeisha. Na si ule mdogo wa kilo 6.

Mshahara wenyewe mpaka unifikie umeshapita mikononi mwa watu. NSSF asilimia 10. Bodi ya Mikopo asilimia 15, nilisoma kwa mkopo na nilisaini mwenyewe, simlaumu mtu. Kodi ya mapato. Kinachobaki kinaingia benki saa tatu asubuhi, na sijui ni nani anayemtonya mama, maana ikifika saa tatu na nusu ananipigia simu kusema siku nyingi nyumba hii haijaona nyama.

Ila luku ndiyo inaniua. Zamani tulikuwa kwenye ile bei ya watumiaji wadogo, wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi. 5,000 tu unapata yuniti kama 40, unasahau mpaka unashangaa siku ikikata. Mama akaleta friza. Anauza barafu za ubuyu na ukwaju kwa watoto wa shule, mia mia, na biashara inakwenda vizuri sana, nampongeza. Kwa nini isiende? Mtaji wenyewe ni umeme, na umeme nanunua mimi. Sasa tumehamia bei ya wakubwa: 10,000 nzima, yuniti 28. Siku moja nimetoka kazini nimelowa jasho, nikafungua friza nikachukua barafu moja ya ukwaju. Nikaambiwa, "Weka mia kwenye kikopo." Nikacheka. Kikopo kikasogezwa.

Halafu tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye luku. Kwa nyumba ya kawaida ilianza 1,000 kwa mwezi, 2023 ikapanda ikawa 1,500. Sasa tulia uangalie. Karatasi za nyumba ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha baba, jina la baba, sahihi ya baba. Kodi yake inakatwa kwenye simu yangu kila ninaponunua umeme wa kwanza wa mwezi. Mpangaji akikatwa hiyo hela, wanakatana na mwenye nyumba kwenye kodi. Mimi nikatane na nani? Nimwingilie mzee katikati ya taarifa ya habari, "Shikamoo, kuna 1,500 yangu"?

Nikasema tufanye mambo kisomi. Nikamkalisha mama, nikamwambia: mama, tupange kiasi, niwe natoa mara moja kila mwisho wa mwezi, 200,000, kila kitu humo humo. Mama akaacha kumenya vitunguu. "Unilipe?" Hapana mama, si kukulipa. "Kwani hapa gesti? Nikukatie na risiti? Na ile miezi tisa tunaihesabu kwa bei gani?" Yale machozi mpaka leo sijajua yalikuwa ya vitunguu au yangu. Magharibi haijafika, mama mkubwa kashapiga simu kutoka Morogoro anataka kujua kama ni kweli nimemgeuza mdogo wake mama ntilie. Usiku baba akaniita. Akakohoa. Akasema katika nyumba yake mtoto hatozwi, mtoto anatoa alichojaliwa, kwa moyo wake. Nikashukuru sana. Akakohoa tena. "Sasa, katika hicho ulichojaliwa... bati la jikoni umeliona?"

Mara mpangaji akahama. Kajenga Chanika. Mtu anajua kodi yake ni kiasi gani, ameweza kupiga hesabu, kajenga! Nikaona mlango wangu ndio huu. Nikamfuata mzee, nikamwambia kile chumba nakichukua mimi. Kwa kodi. Nihesabiwe mtu baki. Hakushangaa hata kidogo, mzee kwenye kodi hana undugu. Akasema miezi sita mbele. Sawa. Akasema na dalali ana mwezi wake mmoja. Dalali wa nini tena, mzee, natoka mlango huu naingia ule pale! Akasema dalali kashaambiwa, mtoto wa watu asinyimwe riziki. Sawa. Choo cha nje kusafisha kwa zamu. Sawa, na moyoni nacheka, naliona kufuli langu, naiona siku bomba linavuja na mimi nagonga dirisha.

"Na umeme," akasema mzee, "yule alikuwa anatoa 10,000 kwa sababu aliingia kabla ya friza. Kuanzia sasa ni nusu kwa nusu. Nusu mpangaji, nusu watu wa ndani."

Nikamuuliza watu wa ndani ndio nani.

Mama akadakia kutoka jikoni: "Si wewe, baba?"