Kila Subaru Legacy hapa Dodoma ni STI?

Hivi jamani, hizi nembo za STI, kile kitengo cha Subaru cha magari ya kasi, madalali wetu wanauziwa kwa kilo? Jumamosi nimeitwa Area D. "Njoo bosi, Legacy wagoni, STI yenyewe!" Nafika, nakuta 2.0i, Legacy ya kawaida. Turbo haina. Boneti laini kama kipara, hata lile tundu la kumezea hewa hakuna! Nauliza, najibiwa: "Si imeandikwa hapo nyuma?" Imeandikwa na nani, wewe na gundi yako?

Tuelewane. GT ndiyo yenye turbo. GT Spec.B ni GT iliyofungwa shokapu za Bilstein na rimu za inchi 18. Halafu kuna S402 ya 2008, hiyo ndiyo ya STI wenyewe: injini ya lita 2.5 yenye turbo, nguvu farasi 285, na zilitoka 402 tu, sedani na wagoni kwa pamoja. 402! Mbona mimi wiki hii nimeshaonyeshwa tatu, moja ikishusha matenga ya zabibu za Hombolo?

Na bei sasa! Herufi tatu za plastiki, milioni mbili juu. Nanunua gari au stika?

Jana kanipigia mwingine. Ana Toyota Probox STI. Nimekata simu.